Abiria Niliyemkaribisha Tazara

Jumatatu ile nilikuwa uani kwetu Makanyagio, Mpanda, nachambua maharage na mama huku simu iko gotini. Nilikuwa nafungua ile portal ya ajira kwa mara ya nne tangu asubuhi. Your application was not successful. Sawa. Nilishaizoea kama salamu. Nina degree ya sosholojia na cheti nilichokilaminisha mwenyewe, na kazi yangu rasmi kwenye ukoo ni kutumwa. Mgonjwa apelekwe hospitali, Yotham. Ng'ombe wamepotea Majimoto, Yotham. Wenye kazi hawasumbuliwi, wako kazini. Siku zile nilikuwa na hasira na kila kiumbe, na nakwambia mapema kwamba hasira hiyo ndiyo iliyotuletea haya.

Baba alitoka ndani akiwa ameshika simu yake kama kitu kilichomuunguza.

"Malale amefariki," alisema. "Wiki iliyopita. Wameshamzika."

Baba mdogo Malale alikuwa kitinda mimba wa bibi yangu. Aliondoka kwetu miaka ishirini nyuma akaenda Mlimba, kule Morogoro, kupasua mbao. Homa ilimshika siku tatu tu. Wenzake walitafuta namba ya ndugu wakaikosa, wakamzika hukohuko. Waliipata baadaye, kwenye karatasi iliyokuwa chini ya godoro lake.

Bibi Ngolo alikuwa chumbani, mgonjwa tangu masika, amebaki ngozi na macho. Hajawahi kujua Kiswahili zaidi ya "asante" na "bei gani". Alisikia kilio cha baba akaelewa. Akasema kwa Kisukuma, polepole, kila mtu akasikia: "Nileteeni mwanangu. Nikifa kabla hajafika, huko niendako hatutaonana."

Basi nikatumwa. Safari hii si peke yangu. Nilitumwa pamoja na shangazi Mariana, dada yake Malale.

Kwenye ukoo wetu mtu akifia mbali na mwili hauletwi, huletwa udongo wa kaburi. Aliyezaliwa naye tumbo moja huufunga kwenye kitambaa na kuubeba kifuani. Kijana wa kiume wa ukoo hutangulia. Shangazi alinieleza kwenye treni tukienda, akikaza macho kama mwalimu anayejua mwanafunzi wake hamsikilizi.

"Nikishafunga udongo, mimi ni bubu. Siongei na aliye hai mpaka nyumbani. Mdomo wa safari ni wako. Kila tunaposhuka, kila tunapopanda, umwite kwa jina lake na la baba yake. Umwambie tumefika wapi, tunapanda nini, tunakwenda wapi. Na kiti chake akatiwe tiketi."

"Shangazi, marehemu anakatiwa tiketi?"

"Utakaa wewe, yeye asimame?"

"Na nisipomwita?"

Hakucheka. "Maiti haoni njia, ng'wanone, mwanangu. Anasikia tu. Usipomwita atabaki hapo alipo. Na hapo alipo hayuko peke yake."

Nikatazama nje. Moyoni nikasema, three years chuoni, nimesoma Durkheim, leo naambiwa nimkatie marehemu tiketi.

Mlimba tulifika, tukalia, tukachota udongo. Shangazi alipokaza fundo la mwisho alifunga mdomo wake, na tangu hapo sikusikia hata kikohozi. Kile kifurushi kilinuka mbao mbichi. Kilinuka mno, mpaka abiria waliokaa karibu wakawa wanauliza nani amebeba ubao. Pale stesheni nilimwita Malale mwana wa Mwandu, kwa sauti ya chini, nikijifanya naongea na simu. Nilimwambia tunapanda treni ya Dar. Usiku kucha kiti cha tatu kilikuwa kitupu na cha amani. Hata mimi nililala.

Tatizo lilikuwa Dar.

Treni ya kutoka Mlimba inashusha watu Tazara. Treni ya bara, ile yenye mabehewa yetu ya Mpanda, inaondokea stesheni kuu kule mjini, karibu na Mnara wa Saa. Stesheni mbili, jiji moja, na katikati yake foleni. Tulishuka saa saba mchana. Treni ya bara ilikuwa inaondoka saa nane na nusu. Ukiikosa unasubiri siku nne. Simu ikaita kabla sijafika getini.

"Mko wapi?" Baba alikuwa ananong'ona. "Bibi yako hajameza hata maji tangu jana. Anauliza mmefika wapi. Yotham, mkiikosa hiyo, msiharakishe tena."

Tukatoka nje ya geti mbiombio. Barabara ya Nyerere ilikuwa imesimama. Trafiki walikuwa wameifunga, mkubwa fulani anapita na msafara wake. Jua linapiga kichwani. Magari yamezimwa, watu wamekaa kwenye kivuli cha malori wanakula karanga. Saa saba na dakika ishirini. Saa saba na dakika arobaini. Niliutukana ule msafara kwa lugha tatu.

Dereva mmoja wa bodaboda, jina lake Kasimu, akatusogelea. "Kaka, hapa mtalala. Nawapitisha uchochoro wa Keko, tunatokea Kamata. Chukueni mbili, mama apande na mimi."

"Twende."

Shangazi akanivuta shati. Akanionyesha kifurushi, kisha mdomo wangu.

Nilijua anachotaka. Tumeshuka, tunapanda kingine, nimwite. Basi nikaanza. "Malale..." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, na kijiwe kizima cha bodaboda kikageuka.

"Oya, msomi anaongea na nani?"

"Na hewa!"

"Mpigie basi, labda ana bando!"

Wakaangua kicheko. Mwaka wa tatu huo tangu nimalize chuo, nimevaa shati la kuazima, namtafuta maiti kwenye geti la stesheni mbele ya vijana wanaojilisha wenyewe. Nikafanya kile ninachofanya siku zote nikiaibika. Nikafanya utani. Nikanyoosha mikono kama kondakta, nikapaza sauti:

"Haya, anayekwenda Mpanda apande twende! Treni haisubiri mtu! Panda, panda!"

Kijiwe kikacheka tena, sasa wakiwa upande wangu. Nilisikia raha. Naapa, kwa sekunde mbili nilisikia raha.

Shangazi alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, machozi yanamtoka, mdomo umefungwa kama umeshonwa. Angeweza kuongea. Angeongea, safari ingeharibika na udongo ungekuwa udongo tu. Hakuongea.

"Amesikia, shangazi. Panda, tunachelewa."

Alipanda nyuma ya Kasimu. Pikipiki ikabonyea. Kisha, shangazi akiwa ameshatulia, ikabonyea tena.

Tulipita Keko kama watu wanaofukuzwa. Mitaro, kamba za nguo, fenicha zimeanikwa njiani. Mimi nilikuwa mbele, kwenye pikipiki ya pili. Nilitazama nyuma mara moja tu nikamwona Kasimu ameinama mbele isivyo kawaida, kama mtu aliyebebeshwa gunia mgongoni. Tulifika stesheni kuu saa nane na dakika ishirini na mbili. Niliruka chini nikicheka. Tumeweza!

Kasimu hakucheka. Alizima pikipiki akabaki amekaa.

"Kaka. Huyu mzee wenu wa tatu mmempakia saa ngapi?"

"Mzee gani?"

"Aliyekaa nyuma ya mama. Amenishika kiuno njia nzima."

Akanyanyua shati. Kiunoni, kulia na kushoto, kulikuwa na alama za viganja. Nyeusi. Nilizigusa. Ilikuwa grisi, nzito, ya kulainishia mashine. Shangazi alikuwa ameshika kifurushi kwa mikono miwili tangu Tazara, na mikono yake ilikuwa misafi.

"Ni marehemu baba yetu mdogo," nilimwambia. Nilidhani namtuliza.

Aliondoka bila kudai chake.

Tulipanda behewa honi ikilia. Viti vyetu vitatu vilikuwa pamoja, nikamwachia Malale cha dirishani. Nilijisikia mwepesi. Amekuja, si ndiyo? Hata Kasimu amemwona. Mpaka treni ilipovuka Pugu ndipo nilipogundua kitu kidogo.

Kifurushi kilikuwa hakinuki mbao tena.

Mbele yetu alikaa dada mmoja, Evaline, mwalimu anayerudi Tabora. Mchangamfu, alitugawia machungwa. Baada ya Morogoro alinyamaza. Usiku ulipokolea alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti. Akaniinamia sikioni.

"Kaka, samahani. Huyu mtu wenu hafumbi macho?"

Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Ninaapa kilikuwa kitupu.

"Amevaaje?" niliuliza. Nilijisikia mjinga.

"Si unamwona? Ovaroli ya bluu. Hana viatu." Akameza mate. "Ananiangalia tangu Morogoro."

Baba mdogo Malale hakuwahi kuvaa ovaroli. Alizikwa na koti lake la kijani, wenzake walituambia. Niligeuka kumtazama shangazi. Alikuwa amelikumbatia furushi lake, anajiyumbisha mbele na nyuma, analia bila sauti. Hakulia kwa sababu ya aliyekuwa kitini. Alilia kwa sababu ya aliyebaki.

Evaline alihamia behewa jingine. Hakubeba machungwa yake.

Hakuna mtu mwingine aliyekaa pale. Behewa lilikuwa limejaa, watu wamelala mpaka mlangoni mwa choo, lakini kila aliyekuja kwenye nafasi ya Evaline alisimama, akatazama dirishani, akasema "samahani mzee," akaondoka.

Asubuhi tulikuwa Tabora. Mabehewa ya Mpanda yalikatwa yakaunganishwa upya, tukawa na muda wa kushuka. Nikasimama kwenye changarawe nikaita vizuri, kwa heshima, kama nilivyofundishwa. "Malale mwana wa Mwandu, tumefika Tabora. Tunaelekea Kaliua, kisha Mpanda, kwa mama yako."

Harufu ya mbao haikuja. Hata upepo haukujibu.

Nikamgeukia yule mwingine. "Mzee, wewe shuka hapa. Siyo safari yako."

Ndipo nilipoielewa hesabu yenyewe. Kumpandisha nilimpandisha bila jina. Kumshusha kunataka jina. Na jina nalitoa wapi?

Shangazi alichukua kalamu kwenye mfuko wangu akaandika nyuma ya tiketi, herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la nne: TUSIENDE NYUMBANI. TURUDI.

Simu ikaita. Baba. Hakuongea, aliniwekea simu kwenye mdomo wa Bibi nisikie pumzi. Ilikuwa inakuja, inakaa, inafikiria kama irudi.

"Tukirudi Dar ni siku nane, tisa," nilimwambia shangazi. "Bibi hana siku mbili. Be realistic. Tufike, aone udongo, afe na amani. Huyu tutajua baadaye cha kumfanya."

Alirudisha kalamu mfukoni mwangu. Kisha akapanda, kwa sababu mdomo wa safari ulikuwa wangu.

Mpanda tulifika saa kumi jioni. Ukoo wote ulikuwa uani. Baba alisimama mlangoni kama desturi inavyotaka, akauliza kwa sauti: "Yotham, umekuja na nani?"

Hapo ndipo ningeweza kusimamisha kila kitu. Nilimwona mama, anatabasamu huku analia. Nilimwona baba, amezeeka miaka kumi kwa wiki moja.

"Nimekuja na Malale," nikasema.

"Aingie."

Shangazi alitangulia, akaweka kifurushi kifuani kwa Bibi. Bibi alifumbua macho. Hakukitazama. Alitazama juu ya bega langu, pale ambapo hapakuwa na mtu, na uso wake ukajikunja kama wa mtoto. Akauliza kwa Kisukuma, "Huyu ni nani mmemleta?" Ndiyo maneno ya mwisho aliyosema bibi yangu.

Aliacha kupumua. Mama akaanza kupiga yowe.

Halafu Bibi akaketi.

Akaketi wima, bila kushikwa, mtu ambaye hajainua shingo tangu mwezi wa tano. Akajinyoosha mgongo mpaka mifupa ikalia. Akatuzungushia macho mmoja mmoja, akasema kwa Kiswahili laini, cha mjini kabisa:

"Stesheni gani hii?"

Wakaanza vigelegele. Wenzangu walisikia muujiza. Akina mama wakapiga magoti, udongo wa mwana umemponya mama! Mimi na shangazi tulibaki tumesimama ukutani. Shangazi sasa alikuwa huru kuongea. Aliuziba mdomo kwa kanga yake.

Imepita miezi mitano sasa. Bibi anakula sufuria zima. Anatembea bila fimbo. Daktari anasema ana moyo wa mtu wa miaka arobaini. Mama anafua shuka zake kwa sabuni ya mche na brashi, kisha mafuta ya taa, na zile alama nyeusi za viganja hazitoki. Anasema ni dawa za miti shamba. Kila siku ya treni Bibi anakaa kwenye stuli, anatazama upande wa reli.

Siku moja tulibaki wawili. Nikajikaza. "Jina lako nani?"

Alitabasamu kwa meno ya bibi yangu. "Hukuniuliza uliponikaribisha."

"Niambie nikurudishe."

"Nimekaa pale miaka mingi, kijana. Watu elfu na elfu wanapita, kila mtu anaita wake. Wewe peke yako ndiye uliyeita yeyote." Akanipapasa shavu. "Sirudi."

Shangazi Mariana hakuvumilia. Mwezi uliofuata alinishika mkono tukarudi Dar, tukasimama geti lilelile, saa saba mchana. Safari hii niliita mpaka sauti ikakatika. Malale mwana wa Mwandu! Kijiwe kilicheka, nikaendelea. Kasimu alikuwepo. Alinitambua, akaacha kucheka, akanivuta pembeni.

"Kaka, kuna mzee wa koti la kijani. Kila siku saa hizi. Anatuuliza treni ya Mpanda inapandiwa wapi. Tunamwelekeza, aende stesheni kuu. Anashukuru, anaondoka. Kesho yupo tena hapa, anauliza upya." Akashusha sauti. "Leo bado hajaja. Au ndiyo huyo aliyesimama nyuma ya mama?"

Sikumwona mtu. Lakini harufu ya mbao mbichi ilinipiga puani mpaka nikapiga chafya, na shangazi akafunga mdomo wake bila kuambiwa.

Nilimwita kila mahali. Tunapanda bodaboda ya Kasimu, baba mdogo. Tumefika stesheni kuu, baba mdogo, hizi ni ngazi. Hapa Dodoma, hatushuki. Hapa Kaliua. Sikujali nani anacheka. Nilimleta mpaka Mpanda, mpaka Makanyagio, mpaka mlangoni kwa mama yake.

Bibi alikuwa amesimama katikati ya mlango. Mikono kwenye miimo, kulia na kushoto. Ilikuwa bado mchana. Alitazama pembeni yangu, alitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma namba ya tiketi.

"Humu pamejaa," alisema.

Akafunga mlango.

Shangazi alipiga kelele ya siku zote zile alizonyamaza. Majirani walidhani tumefiwa.

Tumeita mchungaji, tumeita na wa aina nyingine. Bibi huwakaribisha wote kwa chai, huwauliza habari za safari, na wanatoka wakisema mama yenu ana baraka. Baba hataki kusikia. Anasema nina msongo wa mawazo wa kukosa ajira.

Lakini mvua zimeanza. Na kila asubuhi, uani kwetu kukiwa kumelowa kote, mbele ya kizingiti cha chumba cha Bibi kuna sehemu moja kavu. Ina urefu wa mtu mzima. Amelala ubavu, amekunja magoti, kichwa kimeelekea mlangoni.

Jana nilipima kwa hatua. Ilikuwa imesogea karibu zaidi na mlango.